VICOBA, AMCOS, duka la wanachama au kubangua wenyewe: kikundi chenu kichukue kipi?

Msimu wa korosho ukiisha na hela zikiwa bado zipo zipo mtaani, huku kwetu Mtwara na Lindi utasikia kila kona watu wanasema tufanye kitu cha pamoja, kisiwe cha tajiri mmoja anayekula faida peke yake, kila mtu apate kulingana na alichochangia. Sawa kabisa. Shida ni kwamba kikundi kinakimbilia jina, muhuri na sare za vitenge kabla hakijajibu swali ambalo ndo linaitenganisha mifumo yote hii: mchango wa mtu tutaupima kwa nini? Kwa hela aliyoweka? Kwa kilo alizoleta? Kwa saa alizofanya kazi? Kwa alichonunua? Ukibadilisha kipimo umebadilisha nani anatoka na nyingi mwisho wa mwaka, hata kama katiba nzima mmeikopi kwa wenzenu.

Nawaandikia wenye kikundi cha watu kumi na tano, ishirini, thelathini hivi, wanaojuana, na wanataka kuamua mwaka huu. Wanaotaka kubadilisha uchumi wa dunia nzima wasubiri kidogo.

Tuanze na VICOBA, yani vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopeshana, maana kila nyumba yupo mmoja. Mzizi wa mtindo huu wa kununua hisa kila wiki, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu tofauti, uko Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini kupitia shirika la CARE, ndo ukaja kusambaa mpaka huku. Uzuri wake haupingiki, unaanza na hela ndogo, hamna benki, hamna safari ya kwenda wilayani, na mwisho wa mwaka mnavunja mnagawana. Kipimo chake ni hela. Sasa kaa chini upige hesabu ambayo kwenye vikundi vingi hawaipigi.

Chukua mfano wa kubuni tu, watu wawili. Mwenye duka ananunua hisa tano kila wiki, hisa moja 2,000, kwaiyo anaweka 10,000. Muuza vitumbua anaweza hisa moja tu, 2,000. Wiki 50 zikiisha mmoja ana 500,000 na mwenzie ana 100,000. Mwenye duka hakukopa hata mara moja, hana shida hiyo. Muuza vitumbua alikopa mara kadhaa, mara mtoto kaenda shule, mara unga umepanda, na riba aliyolipa mwaka mzima ikafika 60,000. Siku ya kuvunja ile 60,000 inagawiwa kwa hisa, tano kwa moja: mwenye duka anapewa 50,000, muuza vitumbua anapewa 10,000. Yani yeye ndo kaitoa yote, alafu anarudishiwa kumi na anapiga makofi. Hakuna aliyeiba hapo jamani, kila kitu kimeandikwa kwenye daftari na mweka hazina ni mwaminifu, ila kipimo kimeamua kwamba kuweka hela ni mchango na kulipa riba sio mchango.

Dawa yake ni ya zamani sana. Mwaka 1844 kule Rochdale, Uingereza, mafundi na wafuma nguo 28 walifungua duka lao, wakaweka kanuni kwamba mtaji upate riba ndogo yenye kikomo, na ziada inayobaki irudi kwa wanachama kulingana na kila mmoja alichonunua dukani. Sio kulingana na hisa. Ukiileta hiyo kwenye VICOBA, andika kwenye katiba nusu ya riba igawiwe kwa hisa na nusu irudi kwa waliolipa. Kwa mfano wetu ule mwenye duka atapata 25,000, muuza vitumbua 35,000. Bado kila mmoja kapata kitu na mwenye duka hana sababu ya kukimbia. Mimi kikundi kisichotaka hata kuijadili hiyo nakishangaa, hasa kile kinachojiita cha kuinuana.

Alafu kuna suala la riba yenyewe. Wengi wetu huku ni Waislamu, na vikundi vingine vinaita "ada" ili moyo utulie, haya. Asiyetaka kabisa anabaki na upatu, yani mchezo, ambao kipimo chake ni zamu tu: kila mtu anatoa sawa, kila mtu anapokea sawa, tofauti ni nani kaanza. Upatu ni msafi ila hauzalishi kitu, na wa mwisho kwenye foleni ndo anayekopesha wote bila kujijua.

Ndo maana napendelea sana duka la wanachama na sijui kwanini watu hawaliongelei. Sio duka la kushindana na Mangi wa mtaani. Mnajua wenyewe huku hela inafurika Oktoba mpaka Desemba, ikifika Februari na Machi mvua inanyesha, palizi imepamba moto, ndani hamna kitu na mchele unanunuliwa kwa kipimo kidogo kidogo kwa bei ya kuumiza. Kikundi kikichangishana Desemba kikanunua mchele, sukari, mafuta na sabuni kwa jumla, kikauziana kwa bei ya kawaida ya mtaani, tofauti ya bei ya jumla na ya rejareja inabaki kwenu. Mwezi wa sita mnapiga hesabu, kila mtu anarudishiwa kulingana na alichonunua. Hamna riba. Aliye maskini na ana watoto wengi ndo ananunua zaidi, kwaiyo ndo anarudishiwa zaidi. Rochdale nao walianza hivo hivo na unga, sukari, siagi na vitu vingine vichache. Kinachoua duka la namna hii ni kukopeshana, wale wa Rochdale walikataa katakata, hela mkononi ndo upewe mzigo. Hapo ndo pagumu kwetu, maana kumwambia shemeji yako "hamna mkopo" na yeye anajua gunia ni la kwake pia, eeh.

Wazee watakumbusha kwamba maduka ya pamoja tulishayaona mwaka 1976, ile Operesheni Maduka, rafu tupu na foleni ya sabuni. Kweli. Lakini lile halikuwa duka la wanachama, lilikuwa agizo, watu binafsi wakafungiwa maduka yao na mzigo wenyewe haukuwepo nchini. Mwaka huo huo mwezi wa tano serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, mpaka sheria ya 1982 ndo vikarudishwa. Tofauti kati ya kuchangia na kuchangishwa inaanzia hapo.

Na kwa kweli huku kusini hilo somo tunalo la kutosha. Operesheni Vijiji ilivowahamisha watu miaka ya 1973 mpaka 1976, wengi waliiacha mikorosho yao mbali, bei ikawa mbovu, ugonjwa wa ubwiriunga nao ukaingia, na korosho ya Tanzania ikaporomoka kutoka tani kama 145,000 msimu wa 1973/74 mpaka chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 80. Jirani zetu wa Songea walikuwa na kitu tofauti: Litowa na vijiji vingine vya Ruvuma Development Association, watu walianza kwa hiari mwaka 1960, wakilima pamoja na kuamua wenyewe kazi igawanywe vipi na mavuno yagawanywe vipi. Mwalimu alikipenda, ila TANU ikakivunja mwaka 1969. Kwaiyo mtu akikwambia ujamaa wa kuchangia haufanyi kazi muulize upi, wa Litowa au wa kupakiwa kwenye lori.

AMCOS, yani chama cha msingi cha wakulima cha kuuza mazao kwa pamoja, sitakaa nayo sana kama kitu cha kuchagua, maana kwa mwenye korosho wala huchagui, mzigo lazima upite huko. Stakabadhi ghalani ilianza kwenye korosho msimu wa 2007/08, unapeleka chama cha msingi, inaenda ghala kuu la chama kikuu cha ushirika, MAMCU au TANECU au RUNALI au Lindi Mwambao kutegemea ulipo, mnada unafanyika, na siku hizi unapitia mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, kwenye kompyuta. Kipimo ni kilo. Kura ni moja kwa kila mwanachama, uwe na kilo mia au tani ishirini, na hiyo ni nguvu kubwa sana ambayo wanachama wanaiacha imelala, mkutano mkuu unaitishwa wanaenda wachache, alafu makato yakitoka kila mtu analia kijiweni.

Ila kilo zina upofu wake. Anayeandikishwa ni mwenye shamba, na kwenye familia nyingi jina ni la baba. Aliyeinama kuokota kuanzia alfajiri, akatenganisha na bibo, akaanika, mara nyingi ni mama na watoto, na kwenye malipo hawaonekani. Na AMCOS hailipi kabla ya mnada, kwaiyo mwenye njaa ya mwezi wa nane anaishia kwa wa kangomba, yani mnunuzi wa magendo, anauza kwa bei ya kutupa korosho ambayo bado iko mtini. Ndo maana VICOBA au lile duka havishindani na AMCOS, vinaziba lile tundu la miezi ya kabla. Ukiwa na kikundi chenye mchele na mkopo mdogo wa mwezi wa nane, wa kangomba anakosa mlango wa kuingilia.

Sasa tuje kwenye ile ndoto kubwa, kubangua wenyewe. Kila mtu anajua kwamba korosho yetu nyingi inasafiri ghafi kwenda India na Vietnam, na kwamba viwanda vile vilivojengwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 vingi viliishia kuwa maghala. Kwaiyo kikundi cha akina mama kumi na tano wanasema tubangue sisi, faida iwe yetu. Kipimo hapa ni kazi, na hapo ndo utamu na ndo ugomvi.

Mfano unaotajwa sana duniani ni Mondragón, mji wa Wabasque kule Hispania. Padri mmoja, José María Arizmendiarrieta, alianzisha chuo cha ufundi, na mwaka 1956 vijana wake wakafungua karakana ya majiko na hita za mafuta ya taa. Mwaka 1959 wakaanzisha benki yao wenyewe. Leo ni kundi la vyama vya ushirika lenye wafanyakazi kama elfu sabini, kila mfanyakazi mwanachama ana kura moja, na kwa kawaida mshahara wa juu hauzidi mara sita ya ule wa chini, sehemu chache zinafika tisa. Kila mwanachama ana akaunti yake ndani ya ushirika, analipa kiingilio kikubwa ambacho anaweza kukatwa kidogo kidogo, na sehemu yake ya faida inaandikwa humo. Hawana kinga ya soko, kampuni yao ya Fagor iliyotengeneza friji na majiko ilifilisika mwaka 2013, ila wafanyakazi wanachama wake wengi walihamishiwa kwenye vyama vingine vya kundi hilo hilo. Hiyo ndo faida ya kuwa wengi, na nyie kumi na tano hamtakuwa nayo.

Kwa kubangua hesabu iko hivi: kilo moja ya korosho karanga, yani iliyokwisha banguliwa, inataka kilo nne na zaidi za ghafi. Mtaji wote unaingia kwenye ghafi ndani ya miezi michache, na lazima mnunue kwa njia halali ya mnada au kwa utaratibu wa chama, ukiokota okota mtaani wewe ndo umekuwa kangomba. Alafu mtu mmoja anachemsha, wengine wanabangua huku mafuta ya ganda yanababua vidole, wengine wanamenya ngozi ya ndani, wengine wanapanga madaraja. Mkilipana kwa kilo, mwenye mkono mwepesi atapata mara mbili ya bibi wa miaka sitini, na atakimbiza kasi mpaka korosho zote zinakatika vipande, na kipande bei yake sio ya korosho nzima. Mkilipana kwa saa, kuna mtu atakuja kupiga stori. Wamarekani wawili, Michael Albert na Robin Hahnel, mwaka 1991 walipendekeza mfumo mzima wa uchumi ambao mtu analipwa kwa juhudi na ugumu wa kazi badala ya kipaji au mali, ni wazo la haki kweli, ila swali la nani anapima juhudi ya jirani yake bila kumuonea aibu sijaliona likijibiwa vizuri.

Wavuvi wa Mikindani na Msimbati wangewapa jibu la haraka kuliko maprofesa. Chombo kikirudi wanatoa kwanza mafuta na chakula, kinachobaki kinagawiwa mafungu, fungu la chombo na nyavu, fungu la watu, na nahodha anaongezewa. Kila bandari ina mgao wake ila kila mtu anaujua kabla hajapanda. Fanyeni hivo hivo kwenye kubangua: toeni gharama, toeni fungu la mtaji wa msimu ujao (hili msiliguse hata mtu akiumwa), alafu fungu la kazi ligawiwe kwa pointi, siku moja ya kubangua pointi kadhaa, siku ya kuchemsha pointi zaidi kwa sababu ya moto na moshi, na nyongeza kidogo kwa anayetoa nzima nyingi. Muandike ukutani kwa chaki kila jioni, wote wakiwepo.

Kuna wale watasema kwanini hela kabisa, si tupeane saa. Benki ya muda sio kitu kipya, mama mmoja wa Japani, Teruko Mizushima, aliianzisha Osaka mwaka 1973, Edgar Cahn akaitangaza Marekani miaka ya 80: saa yangu moja ya kukulelea mtoto ni saa yako moja ya kunirekebishia paa, awe daktari awe mfagiaji. Sisi tulikuwa na ujima, mnaalikana shambani leo kwako kesho kwangu na chakula kinapikwa. Tatizo la huku ni kalenda. Palizi ni ya wote wakati mmoja, kuokota korosho ni kwa wote wakati mmoja, kwaiyo mtu mwenye akiba ya saa arobaini anakuja kuzidai Novemba wakati hakuna anayeweza kulipa. Zamu ya ujima inalikwepa hilo kwa sababu foleni imepangwa kabla. Kwa hiyo saa zitumieni kwa vitu visivyo vya msimu, kusuka, kulea watoto, kuchota maji kwa mgonjwa, kujenga choo. Ni nzuri ila isiwe ndo kikundi chenyewe.

Na sarafu ya jamii? Hii naipita haraka. Mwaka 2013 kule Mombasa, mtaa wa Bangladesh, walitoa vocha zinaitwa Bangla-Pesa ili wafanyabiashara wadogo wauziane hata shilingi ikiadimika. Waanzilishi wakakamatwa, kesi baadae ikafutwa, na leo mfumo wao unatumia simu na unaitwa Sarafu. Kiakili inaingia kabisa kwenye ukame wetu wa hela wa Februari. Ila Tanzania mwenye mamlaka ya kutoa sarafu ni Benki Kuu peke yake, na sioni kikundi cha watu ishirini Nachingwea kikienda kumuelezea mkuu wa polisi nadharia ya vocha. Acheni.

Kwaiyo nachagua vipi. Kama wengi wenu mna kipato cha kila wiki, hata kidogo, chukueni VICOBA na ile nusu kwa nusu ya riba. Kama mna hela ya msimu tu, au hamtaki riba, duka la wanachama, na ndo chaguo langu la kwanza kwa vijiji vingi vya korosho. Kubangua kaanzisheni baada ya misimu miwili ya kimojawapo, kwa sababu huko ndo mtajua nani anafika kwa wakati na nani anaandika daftari sawa sawa. Nikiona kikundi kimeanza na mashine ya kubangulia kabla hakijawahi hata kugawana gunia la mchele bila ugomvi, nakaa mbali.

Kuhusu makaratasi: VICOBA iko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, inasajiliwa halmashauri, muoneni afisa maendeleo ya jamii. Kubangua kwa pamoja mkitaka iwe ushirika kamili ni Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, muoneni afisa ushirika. Duka dogo la kikundi mnaweza kuanza kama kikundi kilichosajiliwa. Kuna pia ule mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ila msianzishe kikundi kwa ajili ya mkopo, vya hivo vinakufa siku hela inapoingia.

Kitu kimoja watu wanakiruka kwenye kulinganisha: mtu akitoka anaondoka na nini? VICOBA ni rahisi, hisa zake kutoa deni. AMCOS ukiacha kuleta kilo huna kitu zaidi ya zile hisa ndogo ulizolipia. Duka, mtaji wake aliochangia, na ziada ya manunuzi mpaka siku hiyo. Kubangua ndo kwenye moto, maana mtaji umegeuka mashine na korosho ghafi, na mtu anataka chake Oktoba. Andikeni kwamba analipwa baada ya mauzo ya msimu, kwa awamu, na kwamba lile fungu la mtaji wa pamoja haligawanywi kwa anayeondoka. Na akifariki? Kila mwanachama aandike jina la mrithi wake na kuweka dole gumba siku anayojiunga, kwa sababu huku ukoo wa upande wa mama na wa upande wa mume wote watafika kwa mwenyekiti baada ya arobaini, na mwenyekiti asipokuwa na karatasi atatoa kwa anayepiga kelele zaidi.